Sanad ya Sauti: Usiku Mmoja wa Bi Kidude, Ngome Kongwe

Wanaoandika juu ya marehemu Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aghalabu huanza na umri wake. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, ulizuka mjadala kama alikuwa ameipita miaka 100, ilhali mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani kwa hakika. Umri ni habari, lakini si hoja. Sisi tuliomsikia Ngome Kongwe, Unguja, katika mojawapo ya masiku ya tamasha la Sauti za Busara, tunaona kuwa thamani ya usiku ule ilikuwa mahali pengine.

Wanazuoni wa hadithi hutazama mambo mawili: matini, yaani maneno yenyewe, na sanad, yaani mlolongo wa watu waliopokezana maneno hayo. Matini iliyo nzuri bila ya sanad hutiliwa shaka. Kipimo hiki chafaa pia kwa taarab. Sanaa hii ilistawi katika kasri ya Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, na hata ilipoanzishwa Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905, lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ndiye aliyeifikisha taarab ya Kiswahili kwenye sahani za santuri, aliposafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928. Siti alifariki mwaka 1950. Bi Kidude alikuwa akieleza kuwa nyimbo zile alizipata kwa kumsikiliza Siti mwenyewe. Basi baina ya Siti na hadhira ya Ngome Kongwe palikuwa na mpokezi mmoja tu.

Usiku ule aliimba “Kijiti”. Wimbo huu wa Siti unasimulia kisa cha mwanamke aliyekuja Unguja mgeni, akauawa. Mtuhumiwa akatoroka, na adhabu ya mahakama ya enzi za Waingereza ikawaangukia mashahidi. Kwa masikio ya fundi wa maqamu, uimbaji ule ulikuwa na dosari. Sauti ilikuwa imekwaruza, pumzi fupi, na mara mbili tatu fidla zilimsubiri afike. Lakini kila alipolikaribia jina la Kijiti alilichelewesha, akalitoa kwa ukali, kama shahidi anayemwonyesha mtu kidole. Wanawake watu wazima waliokaa karibu nasi waliguna kwa pamoja. Mmoja akanyanyuka, akaenda kumtunza, akarudi akifuta macho. Hakuwa akituza sauti nzuri. Alikuwa akikubali ushahidi. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa wimbo ule haukuwa kumbukumbu tu. Hukumu iliyotolewa miongo mingi nyuma ilikuwa bado inakatiwa rufaa.

Baadaye aliifunga ngoma ya msondo kiunoni kwa kanga, akaingia katika nyimbo za unyago. Wapo waliochukia jambo hili, na hoja yao ina uzito: unyago ni darasa la faragha, na jukwaa ni uwanja wa kila mtu. Hata hivyo, tulichokiona kilitufanya tusite kumlaumu. Wageni walishangilia mapigo, wakapiga picha. Kina mama wa Unguja walicheka maana, na baadhi yao wakajifunika uso kwa kanga. Ngoma ni moja, lakini waliofundwa walisikia somo na wasiofundwa wakasikia mdundo. Siri haikuvuja, iliwapita juu ya vichwa wasiokuwa wenyewe, na sisi tukiwa miongoni mwao. Lawama yetu ni kwa wale waliomtangaza duniani kama kioja cha uzee, wakaacha kueleza kuwa mikononi mwake palikutana elimu mbili, ya taarab na ya unyago.

Hasara ya kuacha huko tumeiona huku Toongabbie, magharibi ya Sydney, tunakoishi sasa. Tuliwasikilizisha vijana wa Kiswahili waliozaliwa Australia rekodi ya Bi Kidude ya wimbo huohuo. Waliupenda udi, wakaifahamu nusu ya maneno, kisha wakauliza: Kijiti ni nani, na kwa nini walioadhibiwa ni mashahidi? Rekodi imehifadhi matini barabara, lakini ndani yake hamna bibi wa kuguna wala mkono wa kutunza. Tulijibu kadiri tulivyopokea, tukijua kwamba katika mlolongo huu sisi ni pete dhaifu: tulisikia ukumbini, hatukulelewa ndani ya nyimbo hizo.

Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi taarab isiishie katika kukusanya santuri na kanda. Kila rekodi iandikiwe pia ni nani alimsikia mwimbaji kwa masikio yake, wapi, nani alikaa kando yake, na maneno gani yaliitikiwa. Wapokezi hao wametawanyika Unguja, Mombasa, Maskati, Dubai na hata katika vitongoji kama hiki chetu. Waliomsikia Siti akiimba mbele yao, kama wapo, sasa wamekaribia au wamepindukia miaka 80. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, na waulizwe mwaka huu.