Out of Africa: kahawa iko wapi, mapendo iko wapi?

Bandugu, muliniambia hii filimu inaliza. Nimeitazama yote hapa Panda, zaidi ya saa mbili na nusu, na mudogo wangu kando yangu. Hata chozi moja halikutoka. Out of Africa ya Sydney Pollack ilitoka 1985, ikapata Oscar 7. Sawa. Lakini mimi nilisoma agronomi, na shamba lenyewe njo lilinionyesha kasoro ya mapendo.

Karen (Meryl Streep) anatoka Denmark, anafika chini ya milima ya Ngong, karibu na Nairobi. Walikuwa wamekubaliana ng'ombe. Anakuta bwana yake ameamua kahawa, bila kumuuliza. Pale ni karibu mita 1,800: baridi, na mvua haitoshi. Kahawa inakungojesha miaka mitatu ama mine mbele ya mavuno ya kwanza. Miaka mine ya deni! Mutu yeyote aliyelima hata muhindi anajua ile ni hadisi tosha: woga, hesabu, ugomvi wa usiku. Filimu inaipitisha mbio mbio, ili Denys (Robert Redford) afike na ndege yake ya njano.

Na Denys anamupenda namna gani? Anamuosha nywele, anamurusha juu ya flamingo, muziki wa John Barry unapanda, kisha anaenda safari. Kuoa anakataa. Hakuna kitu anachopoteza mbele yetu. Kucheza Mwingereza na kuongea Kimarekani, ile namusamehe. Lakini Berkeley, rafiki yake, amependa mwanamuke Musomali kwa siri miaka mingi, tunakuja kujua akiwa mugonjwa wa kufa. Njo hadisi! Wanaipa dakika chache tu.

Mahali pamoja nilishikwa. Kinu kimeungua, deni imemumaliza Karen, naye anapiga magoti mbele ya gavana mupya, bakubwa wote wakiangalia, anaombea Wakikuyu wa shamba udongo wabaki pamoja. Pale kweli kuna mapendo. Lakini wenye udongo hawaonekani kusema neno. Filimu nzima tunaona mikono yao ikifanya kazi, hatuoni mmoja wao akigombana na bibi yake juu ya unga. Hapa Panda, mutaa wa wafanyakazi, mapendo mingi inajaribiwa pale pale, ku unga, na ku nyumba inayofuata kazi ya baba.

"Yaya," mudogo akaniuliza, "na bale bantu, balienda wapi?"

Nikamwambia nilichosoma: walipewa sehemu ya musitu wa Dagoretti, shamba likakatwa viwanja, leo ni mutaa unaoitwa Karen.

"Basi bangetuonyesha ile," akasema, akafunga ordinateri.