Msamaha Si Haki

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mazoea ya kupima maneno hayajaniacha hata baada ya kustaafu. Neno ninalotaka kulipima leo ni "msamaha". Ndugu msomaji, kwa miaka mingi tumeambiwa kuwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa gharama za matibabu. Lakini anayesamehewa ni mwenye kosa au mwenye deni. Je, uzee ni kosa?

Awali hatukusema hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini, zahanati zikajengwa, na matibabu yakawa bure. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, nilikuwa mwalimu kijana hapa Mbulu. Jioni tuliizunguka redio moja, tukasoma vijitabu, kisha tukashika majembe tukachimba vyoo. Hakuna aliyesamehewa chochote. Afya ilikuwa kazi yetu na haki yetu.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Dawa zilikuwa haba, na hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, iliendelea kubeba mzigo mkubwa wa wagonjwa wetu. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, "bure" ilibaki jina tu. Mwaka 1993 serikali ikaanzisha uchangiaji wa gharama, na msamaha ukaja nao. Mwaka 2001 ikafuata sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kaya iliuchangia kila mwaka.

Sipingi kuchangia. Mwenye ng'ombe na alipe. Lakini miaka michache iliyopita nilimsindikiza dada yangu mkubwa, mjane, kwenye zahanati moja upande wa Hanang. Mganga alimpima bila malipo, akamwandikia dawa ya shinikizo la damu. Kwenye dirisha la dawa tukaambiwa hakuna, tukanunue dukani. Dada akauza mbuzi. Muuguzi hakuwa mkorofi. Naye aliona haya. Zahanati ilimsamehe mgonjwa, lakini hakuna aliyeifidia zahanati, basi rafu zikabaki tupu. Kasoro yenyewe ndiyo hiyo: msamaha usio na mlipaji ni maneno matupu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Naipokea kwa matumaini, kwani angalau imekiri kwamba lazima awepo wa kulipa. Hata hivyo, mimi ni mwalimu, na mwalimu hatoi alama kabla ya mtihani. Mtihani wenyewe uko pale dirishani. Siku dada atakapoondoka na dawa mkononi, na mbuzi wake wakiwa wangali zizini, nitaandika "vema" kwa wino mwekundu.