Gita la Marehemu Baba na Kipimo cha Mhakiki

Wahakiki wa lugha yetu aghalabu huanza kazi yao kwa kitabu. Mimi leo naomba radhi kwa walimu wenzangu, kwani nitaanza kwa gita, nalo si la mpigaji mashuhuri. Lilitoka chini ya kitanda cha marehemu baba yangu, katika nyumba yetu ya Kansanga, kando ya barabara iendayo Ggaba, siku tulipokuwa tukipanga vitu vyake kabla ya ile shughuli ambayo Waganda huiita okwabya olumbe, yaani kuufunga msiba na kumsimika mrithi. Baba alikuwa seremala. Kati ya misumeno, randa na patasi zake tulilikuta gita hilo limeviringishwa katika kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba. Hakuna hata mmoja miongoni mwetu aliyewahi kuliona.

Kaka yangu, ambaye ndiye aliyeteuliwa kuwa mrithi, alilipangusa vumbi, akalitia nyuzi mpya, akajaribu kulipiga. Sauti iliyotoka ilituchekesha, kisha ikatuhuzunisha. Kila alipoweka vidole mahali alipozoea, zilitoka sauti zisizopatana. Tukamwita fundi wa magita, naye alilitazama mara moja tu akatoa hukumu: vile vijiti vya chuma vinavyopachikwa kwenye shingo vimewekwa mahali pasipo pake; afadhali ving'olewe vyote, vipachikwe vingine. Akaja na mnunuzi wa vitu vikuukuu, akasema yu tayari kulichukua kama lilivyo, maana wapo wageni wapendao vioja. Hivyo basi tukawa na shauri mbili mbele yetu, kulitengeneza au kuliuza, na zote mbili zilisimama juu ya neno moja ambalo kila mtu nyumbani alikuwa amekwisha kulitamka: kosa. Baba alikosea.

Neno hilo ndilo lililonifanya nichukue rula.

Uzi wa gita lile, kutoka kichwa cha shingo hadi kwenye daraja lake, una urefu wa sentimita 65. Katika gita la kawaida, kutoka mwanzo wa shingo hadi nusu ya uzi huwa pana hatua 12, na hatua ya kwanza haizidi sana sentimita 3 na nusu. Katika gita la baba zilikuwapo hatua 5 tu. Nilizipima nikapata sentimita 8.4, kisha 7.3, kisha 6.4, kisha 5.6, na mwisho 4.8. Jumla yake ni 32.5, yaani nusu kamili ya uzi. Zaidi ya hayo, kila hatua ilibakiza uzi wa kiasi cha sehemu 87 katika 100 za urefu uliotangulia, bila kubadilika toka mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyekosea hakosei kwa uwiano namna hiyo. Nikarudi kwenye sanduku la zana, na chini kabisa nikakuta ubapa mwembamba wa mbao wenye mikato mitano. Nilipoulaza juu ya shingo ya gita, mikato na vijiti vililingana. Kilikuwa kigezo. Na ndani ya tumbo la gita, mwanga ulipopenya, palionekana maandishi ya penseli: Na. 1.

Anayeijua miziki ya Buganda atakuwa amekwisha kung'amua. Amadinda, ile marimba ya vibao 12, haifuati ngazi ya sauti ya kinanda cha kanisani. Ina sauti tano, na nafasi kati ya sauti na sauti hukaribia kulingana. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mnamo miaka ya 1940 na 1950, alishughulika sana na kupima na kurekodi sauti za ala kama hizi, na nakala za rekodi zake sasa zimo katika Chuo Kikuu cha Makerere. Hapo hapo kwenye Makumbusho ndipo Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, alipokuwa akiwapigia wageni na kuwafundisha wanafunzi. Jirani yetu mmoja, mzee apigaye endingidi, alinieleza kwamba baba alikuwa na desturi ya kwenda huko, kwenye Barabara ya Kira, kusikiliza tu. Baada ya kasri la Mengo kushambuliwa mwaka 1966 na wanamuziki wake kutawanyika, marimba zile hazikusikika tena kama zamani. Na mzee alisema ni katika miaka hiyo baba alipoanza kusema kwamba ipo siku atatengeneza gita linaloimba Kiganda.

Basi chombo tulichotaka kukitengeneza hakikuwa kibovu. Kilikuwa mfano wa kwanza, chombo cha majaribio ambacho wenzake hawakupata kuundwa.

Tazama sasa upande wa pili wa jambo hili. Adungu, kinubi cha watu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, kimefanyiwa kinyume chake: shuleni na makanisani kimeundwa kwa ukubwa mbalimbali, kikalegezwa na kukazwa hata kikafuata do-re-mi ya Wazungu, na leo hakuna anayeshangaa. Nao waimbaji wa kadongo kamu, sanaa ambayo jina lake lenyewe lina maana ya kigita kimoja, walilipokea gita la dukani kama lilivyo, wakaiacha sauti ya mwimbaji ichukue mzigo wa lafudhi na hadithi ya Kiganda. Marehemu Herman Basudde na marehemu Paulo Kafeero walipata sifa zao kwa njia hiyo. Lipo jambo la kuzingatia katika lugha pia: endongo ni jina la zeze la kale la Waganda, na ndilo jina lililopewa mgeni huyu alipofika. Watu walilibadili jina la gita ili liwe la kwao, ila shingo yake hawakuigusa. Fundi mmoja wa Kansanga alijaribu kuigusa.

Vyombo vya majaribio vina mkosi wa kuchekwa. Gita la kwanza la umeme la George Beauchamp, lililochongwa kwa mbao huko Los Angeles mwaka 1931, lilikuwa na tumbo dogo la mviringo na shingo ndefu, hata likaitwa Kikaango. Leo linahesabiwa kuwa mzazi wa magita yote ya umeme. Mnunuzi wetu naye hakukosa kutuhadithia habari za bei. Mwezi wa Mei 2024 gita la nyuzi 12 la John Lennon, lililosahauliwa darini katika nyumba moja ya Uingereza kwa takriban miaka 50, liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 2,800,000. Ni kweli. Lakini mbao za gita lile si za dhahabu. Lilitambuliwa kwa kulinganishwa na picha za zamani, na nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Kilichonunuliwa pale ni ushahidi. Ushahidi wa gita la baba ulikuwa ubapa mmoja wa mbao, neno la penseli na kumbukumbu ya mzee wa jirani. Na kama vijiti vingeng'olewa, hata huo ungekufa.

Hapa ndipo nitakapoingia katika kazi yetu. Mwaka 1954 K. Amri Abedi alitupa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, nacho kikawa kigezo cha vina na mizani ambacho wengi wetu tumefundishiwa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, walikuwapo washairi na walimu waliolaza kigezo kile juu ya diwani hii, wakaona mikato hailingani, wakatamka neno lile lile: kosa, hili si shairi. Sisemi kwamba kigezo cha Amri kilikuwa kibaya. Ni kigezo cha haki kwa chombo chake. Nasema kwamba mhakiki aliyepima kwa rula moja tu alikuwa kama yule fundi wetu. Swali la kwanza la mhakiki lapasa kuwa: je, tofauti ninazoziona zina utaratibu? Kosa halina kanuni. Jaribio lina kanuni yake, hata kama ni ngeni. Mahali pa kuitafuta kanuni hiyo ni ndani ya kazi yenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, kwa subira ya mtu anayepima hatua kwa hatua.

Walakini, tusivuke mpaka upande wa pili. Wapo wanaodhani kwamba mara tu kitu kikiitwa jaribio basi hakihukumiwi tena. Gita la baba lina makosa, nami mwanawe nayataja. Ubao wa juu wa tumbo ni mnene mno, kwa hiyo sauti yake ni hafifu, haivuki chumba. Nyuzi ziko juu sana ya shingo karibu na tumbo, na vidole huumia. Haya ni makosa ya ufundi, kwa sababu yanalizuia gita kutimiza lile lile lililokusudiwa na muundaji wake. Hali kadhalika katika mashairi: mtunzi aliyeziacha mizani kwa makusudi hajakosea kwa kuziacha, lakini kama usemi wake ni mzito pasipo sababu na picha zake hazionekani, tumwambie wazi. Mapenzi kwa marehemu, au kwa mtunzi, si kipimo.

Jambo hili linawagusa hasa walimu wa Uganda. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi wetu huja na Kiswahili cha sokoni, cha kambini, cha mpakani, na sisi twashika kalamu nyekundu. Kalamu ni ya lazima, maana mtihani hauna huruma, na anayeandika "kitabu yangu" hana budi kusahihishwa. Hata hivyo kabla ya kupiga mstari tuulize kama alichoandika mtoto kina utaratibu, na umetoka wapi. Aghalabu tutakuta ni Kiluganda au Kiacholi kinachopima Kiswahili kwa kigezo chake. Mwalimu aliyekiona kigezo hicho atafundisha vizuri zaidi kuliko aliyeona kosa tu.

Siku ya okwabya olumbe ilipofika, kaka alisimikwa, akavishwa lubugo na kukabidhiwa mkuki. Gita lilikuwa bado ndani. Alikuwa ameahidi kulitengeneza ili mwanawe ajifunzie nyimbo za kwaya, na ahadi ya baba kwa mtoto si jambo dogo. Jioni, wageni walipopungua, yule mzee wa endingidi aliliomba. Hakulipiga kama wapigaji wa kadongo kamu. Alipitisha kidole kimoja juu ya uzi mmoja, akafuata wimbo wa zamani wa marimba, polepole. Shangazi yetu, aliyekuwa jikoni, aliacha sufuria akaja mlangoni, akaanza kuitikia.

Kaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliniambia, "Vijiti tuviache. Mtoto nitamnunulia jingine." Ubapa wenye mikato mitano tumeufunga kwa kamba kwenye shingo ya gita, usije ukapotea. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Gita hili halikupata kuelea. Nalo pia liliundwa.