Bunduki za Mtumba Magharibi mwa Ziwa: Nafuu Ilikuwa Kwenye Baruti

Bunduki nyingi zilizofika magharibi mwa Ziwa Viktoria kabla ya Wajerumani zilikuwa mtumba. Askari wa Ulaya walizitumia, zikastaafishwa, zikalala maghalani, zikauzwa kwa mafungu, zikavuka bahari hadi Unguja, kisha zikapanda mabegani mwa wapagazi kupitia Tabora hadi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika Karagwe. Kutoka Kafuro njia iliendelea kwenda Buganda. Nchi za Wahaya, ambazo leo ndizo Bukoba na Muleba mkoani Kagera, zilipakana na njia hiyo upande mmoja na ziwa upande wa pili.

Biashara ile imeandikwa sana kwa jicho la siasa: nani alimpa nani bunduki, na mfalme gani alimshinda jirani yake. Mimi nataka kuitazama kwa jicho la fundi. Aliyebahatika sokoni hakuwa yule aliyepata bunduki mpya kuliko wenzake, wala yule aliyeipata kwa pembe chache za ndovu. Alibahatika yule ambaye mwaka wa pili baada ya kununua aliweza bado kuijaza na kuifyatua.

Wingi wa bidhaa ulitokana na mashindano ya majeshi ya Ulaya. Prussia ilichukua bunduki ya Dreyse, inayojazwa kwa nyuma, mwaka 1841. Uingereza ilifuata na Snider mwaka 1866, Ufaransa na Chassepot mwaka huohuo, Ujerumani na Mauser mwaka 1871. Mwaka 1874 Ufaransa ikabadilisha tena, ikaleta Gras yenye risasi za ganda la chuma. Kila serikali ilipobadilisha, bunduki za zamani zilijaa ghalani bila kazi. Karakana za Liège nchini Ubelgiji na za Birmingham nchini Uingereza zilizoea kazi ya kuzikarabati na kuunda nyingine za bei ya chini kwa ajili ya soko la Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Soko lenye bidhaa nyingi kiasi hicho huwa na za bei nafuu, na huwa na mbovu nyingi zaidi.

Mnunuzi alikagua nini? Cha kwanza ni mtutu. Bunduki ya jeshi, hata iwe kuukuu, ilikuwa imepimwa kwa kufyatuliwa na baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kutoka kiwandani. Birmingham ilikuwa na nyumba yake ya upimaji tangu 1813, na Liège ilipiga muhuri wake kwenye mitutu iliyofaulu. Bunduki iliyoundwa kwa ajili ya soko tu ingeweza kuwa na chuma chembamba kilichoungwa ovyo, na mtutu wa namna hiyo ukipasuka humjeruhi mwenye bunduki mkononi na usoni kabla ya kumfikia adui. Alama haikutosha kumlinda mnunuzi. Neno TOWER na taji, alama ya bunduki za serikali ya Uingereza, viliigwa kwenye bunduki za biashara kwa sababu vilijulikana na kuaminiwa. Mwenye busara alitazama unene wa mtutu mdomoni, akapitisha mdeki hadi chini kuona kama kuna kutu au risasi iliyosahaulika, kisha akatazama tundu la moto, linalopitisha cheche hadi kwenye baruti. Tundu hilo hupanuka kwa matumizi. Likishakuwa pana, nguvu ya baruti hutokea pembeni na risasi huanguka karibu.

Cha pili ni mtambo. Kamani iliyolegea haitoi cheche, na bunduki isiyotoa cheche haina faida kuliko rungu. Hapa mnunuzi wa Kagera alikuwa na hazina ambayo si wote waliokuwa nayo. Tanuri za Katuruka karibu na Maruku na za Kemondo, zilizochimbuliwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt kuanzia miaka ya 1970, zimeonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa katika eneo hili yapata miaka 2,000 iliyopita. Mtu aliyeishi jirani na wahunzi wa urithi kama huo angeweza kununua bunduki yenye kasoro ya kitako, skrubu au kamani, akaipeleka kutengenezwa. Kasoro ambayo mwenzake wa nchi isiyo na wahunzi aliiona hasara, kwake ilikuwa sababu ya kupunguziwa bei. Naamini hii ndiyo nafuu ya kwanza ya kweli katika biashara ile, na haitajwi vya kutosha. Kule Buganda, Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyefika mwaka 1878, alijikuta akitakiwa na ikulu atengeneze bunduki zaidi ya kuhubiri. Mtengenezaji alikuwa na thamani kushinda mwuzaji.

Sasa tuje kwenye kushindilia, maana ndiko mambo yalikoamuliwa.

Gobore la gumegume lilihitaji vitu vinne: baruti nyeusi, kitu cha kurusha, kitambaa au nyuzi za kuzibia, na jiwe la kutoa cheche. Baruti ililetwa kutoka pwani katika mapipa madogo. Kitu cha kurusha kingeweza kuwa risasi ya madini, marisau, au vipande vya chuma kutoka kiwandani kwa mhunzi. Mtutu wa gobore la kijeshi la Uingereza ulikuwa na upana wa takriban milimita 19 na ndani ulikuwa laini, hivyo haukuchagua sana. Ulimeza karibu chochote kilichopita mdomoni. Usahihi wake ulikuwa duni, kwani zaidi ya mita 100 kumpata mtu mmoja ilikuwa bahati, lakini kila kitu isipokuwa baruti na jiwe kilipatikana nyumbani.

Hatua iliyofuata, gobore la fataki, ilionekana maendeleo makubwa. Fataki haizimwi kwa urahisi na mvua kama baruti iliyo wazi kwenye kibakuli cha gumegume. Lakini fataki ni kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali ambayo mhunzi wa kijijini hawezi kuichanganya. Zikiisha, mpaka msafara mwingine uje kutoka pwani. Mnunuzi wa gobore la fataki alikuwa ametia saini, bila karatasi, mkataba wa kumtegemea mwuzaji.

Mkataba huo ulizidi kukaza kwa bunduki za kujazwa nyuma. Snider yenyewe ilikuwa mtumba uliofufuliwa. Waingereza walichukua bunduki zao za Enfield za mwaka 1853, wakakata kipande nyuma ya mtutu, wakaweka mlango wa kuingizia risasi. Askari aliyefunzwa aliweza kufyatua mara 10 kwa dakika, wakati mwenye gobore alihesabu mara tatu na hiyo ikiwa ni mkono mwepesi. Tatizo lilikuwa ganda. Risasi ya Snider iliundwa kwa bati jembamba la shaba nyeupe lililoviringishwa juu ya kitako cha chuma. Lilifaa kufyatuliwa mara moja. Kulijaza upya ni kazi ngumu, kwa kuwa bati huchanika na kujikunja. Maganda ya kuvutwa kutoka kipande kimoja cha shaba, kama yale ya Mauser ya 1871, yalivumilia kujazwa tena, lakini nayo yalidai fataki na vifaa vya kunyoosha mdomo wa ganda. Hivyo mtu aliyeuziwa Snider kwa bei ya kutupa pamoja na risasi chache alikuwa amenunua idadi hiyo ya milio. Baada ya hapo alibaki na fimbo ya gharama.

Mfano ulio wazi ni zawadi ya msafiri Mwingereza Speke kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, ambamo mlikuwa na bunduki ya Whitworth. Kwa usahihi ilikuwa miongoni mwa bunduki bora duniani wakati ule. Tundu la mtutu wake lilikuwa na pembe sita zilizojisokota, na ilifanya kazi vema kwa risasi iliyochongwa kwa kipimo hicho. Ukitazama kwa jicho la mtu anayeishi miezi kadhaa ya safari kutoka pwani, gobore kuukuu lilikuwa chaguo bora kuliko hiyo Whitworth.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na sauti. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Baruti yenye shura isiyosafishwa vizuri hunyonya unyevu, na masizi yake yaliyobaki ndani ya mtutu huvuta maji na kula chuma usiku mmoja tu. Kuosha mtutu kwa maji ya moto na kuupaka mafuta kulikuwa sehemu ya gharama ya bunduki, sawa na baruti yenyewe.

Pengo kati ya wenye risasi na wasio nazo lilionekana kwa uchungu Bumbire, kisiwa kilichomo leo ndani ya wilaya ya Muleba. Aprili 1875 msafiri mvumbuzi Stanley aligombana na wenyeji alipotia nanga na mashua yake, akaondoka kwa kufyatua. Agosti alirudi na mitumbwi ya Baganda na watu wake wenye bunduki, akaisimamisha majini mahali ambapo mishale na mawe ya kombeo ya watu wa ufukweni hayakuwa na nguvu, akawapiga risasi kwa zamu. Aliyaandika hayo mwenyewe, na magazeti ya Uingereza yalimlaani. Hakukuwa na vita pale, yalikuwa mauaji. Kilichoyawezesha kilikuwa umbali wa mtutu pamoja na shehena ya risasi iliyoweza kumaliza siku nzima.

Wakubwa wa Ulaya walielewa vizuri siri ya kushindilia. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Walikubali Mwafrika abaki na silaha anayoweza kuijaza, mradi isifike mbali.

Mwaka huohuo, 1890, Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo chao Bukoba. Askari Waafrika wa jeshi la koloni la Wajerumani walipewa Mauser ya 1871, ambayo jeshi lenyewe la Ujerumani lilikuwa likiiacha. Askari wengi walikuwa nayo bado Waingereza waliposhuka Bukoba kutoka Kisumu tarehe 22 Juni 1915. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi kila mlio, na wingu hilo lilimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Mji ukaangukia mikononi mwa Waingereza siku iliyofuata, na mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani ukabomolewa. Kwa mnunuzi wa Karagwe moshi ulikuwa usumbufu tu. Kwa askari wa 1915 anayelengwa na bunduki zisizotoa moshi, ulikuwa hukumu.

Magobore hayajaisha Kagera. Ukikuta moja darini kwa babu, usilifyatue wala usilitie mdeki kwa nguvu, maana huenda bado limeshindiliwa na baruti nyeusi kavu haizeeki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai kibali kwa silaha ya moto, na Jeshi la Polisi hutangaza mara kwa mara muda wa kusalimisha kwa hiari zile zisizo na kibali. Toa taarifa kituoni, na uombe alama zilizo kwenye mtambo na mtutu ziandikwe na kupigwa picha kabla silaha haijateketezwa. Alama hizo ni ushahidi wa njia iliyopita bunduki hadi Muleba, na zikishayeyushwa hazirudi.