Zimwi Likujualo: Kucheza Eimu Kanyangi

Kwenye Dungeons & Dragons kuna kitabu ambacho wachezaji wengi hukifungua hata kabla ya kusoma sheria: kitabu cha mazimwi. Monster Manual ilitoka 1977, na ndani yake kila kiumbe ana namba zake: ana uhai kiasi gani, anapiga vipi, ana akili au hana, ni mwema au mwovu. Kwa lugha rahisi, ni orodha ya viumbe unaoruhusiwa kuwaua bila kuwauliza jina. Sasa inakuwaje mchezaji akisema hataki kuwa shujaa leo, anataka kuwa zimwi?

Kama hujawahi kucheza: watu wanne watano mnakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, msimulizi anakuambia kilichotokea. Ni ndugu wa hadithi za susu jikoni, ila hapa unaruhusiwa kumkatiza msimulizi.

Watunzi wenyewe wamekuwa wakibadilisha msimamo. Toleo la kwanza la 1974, la Gary Gygax na Dave Arneson, lilikubali mchezaji awe karibu chochote, hata joka, mradi aanze akiwa mchanga na dhaifu. Kufika 1979, Gygax huyo huyo akawa anawakatisha watu tamaa: dunia ya mchezo ni ya binadamu. Mwaka wa 2003 ikaja Savage Species, kitabu kizima cha kucheza mazimwi, lakini kimekaa kama daftari la mhasibu: zimwi lina nguvu, basi lilipie kwa ngazi. Mwaka wa 2016, Volo's Guide to Monsters ikakuruhusu kuwa orki, ila orki alizaliwa amekatwa pointi mbili za akili. Kelele zikapigwa, na 2020 kato hilo likafutwa. Mwaka wa 2024 orki akaingia kitabu kikuu cha wachezaji, mtu kama watu.

Poa. Lakini mimi bado sijaridhika. Orki wa 2016 alitukanwa. Orki wa 2024 ameoshwa mpaka akapauka. Anaona gizani, na akipigwa hadi karibu kufa anasimama tena. Zaidi ya hapo ni jirani yako tu, mwenye meno marefu. Hakuna anayemwogopa, na yeye haogopi chochote kilicho ndani yake. Sasa kwa nini nimcheze?

Desemba moja tulicheza Kanyangi, huko Kitui, tukitumia sheria za bure kwenye simu na programu ya kurusha dadu. Binamu yangu mmoja alikataa orki. "Huyo ni wa nani? Mimi nitakuwa eimu."

Eimu ni zimwi la ngano za Wakamba. Amejaa kwenye hadithi alizokusanya Gerhard Lindblom, na susu hakuhitaji kitabu chochote kumjua. Katika tulizosimuliwa sisi, eimu anakuja kwenye ngoma akiwa kijana mtanashati, na msichana anamfuata mwenyewe, kwa hiari yake. Kumbe sura yake haikwambii kitu. Kinachomtofautisha na wewe ni njaa yake.

Kwa hivyo tuliongeza sheria moja tu. Kila usiku eimu akilala kijijini, anarusha dadu. Akishindwa, lazima ale kitu, au mtu. Mchezo ukageuka hapo hapo. Nani atakesha naye? Tuwaambie wenye boma au tunyamaze? Akila mbuzi wa watu, nani atalipa? Hakuna aliyemchomolea upanga, kwa sababu sasa tulimjua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini linakula kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichotuweka macho hadi saa nane usiku.

Na kuna sababu nyingine ya kulitilia maanani jambo hili. Sema Nairobi kwamba kwenu ni Kitui, na msee mmoja lazima akuulize kama umebeba kamuti. Tunacheka, tunaendelea. Lakini hiyo ni Monster Manual: namba zako zimeandikwa kabla hujafungua mdomo. Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi tu. Pale hakukuwa na dadu.

Ndiyo maana sikubaliani na tiba zote mbili za vitabu hivi. Kumpunguzia zimwi akili ni dharau. Kumtoa njaa ni uongo, kwa sababu unatufundisha kwamba mtu anastahili kukaa nasi akiwa tu hana hatari yoyote. Nani kati yetu yuko hivyo? Anayetunga michezo hapa kwetu amwachie eimu njaa yake, kisha ampe majirani wanaojua jina lake.