"Nafaka Nzima Zilizoota": Tafsiri Inayompoteza Mnunuzi wa Mkate

Katika maduka ya chakula ya Mji Mkongwe wa Unguja, kando ya boflo na slesi nyeupe tulizozizoea, hupangwa pia mikate inayoelezwa kuwa na manufaa zaidi kwa mwili. Mnunuzi aliyeshauriwa na daktari kupunguza unga mweupe huiendea mikate hiyo, akasoma lebo, na kwa maneno machache aliyoyakuta hapo akaamua awapelekee nini watu wa nyumbani kwake. Lebo moja niliyoisoma katika duka lisilo mbali na Darajani ilisema hivi: "Mkate wa brauni wa nafaka nzima zilizoota." Makala haya yana shabaha ya kuyapima maneno hayo, moja baada ya moja, tuone yanamwambia nini msomaji wa Kiswahili, na kupendekeza mengine pale yanapopungukiwa.

Tuanze na "brauni". Hili ni neno la rangi, wala halisemi zaidi ya hapo. Rangi ya mkate yaweza kutokana na pumba za ngano, lakini yaweza vilevile kutokana na sukari iliyounguzwa iliyotiwa katika unga mweupe. Mikate miwili ya rangi moja yaweza basi kuwa na chakula tofauti kabisa ndani yake. Kama maelezo ya macho, neno hili halina ubaya. Kama istilahi ya lishe, halifai.

Neno la pili, "nzima", lina taabu kubwa zaidi kwa sababu linaonekana sahihi. Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba, kiini cha mbegu, na sehemu kubwa ya wanga. Katika kutengeneza unga mweupe, pumba na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini. Dhana iliyokusudiwa na mfasiri ni ile ya unga uliobaki na sehemu zote tatu. Je, "nafaka nzima" yaeleza hivyo? Kwa mtu wa Unguja, kitu kizima kwanza ni kisichovunjika, kama mchele mzima unavyotofautishwa na chenga. Kwa hiyo mnunuzi hutaraji kuziona punje kwa macho, na mkate wa unga mweupe ulionyunyiziwa punje chache juu utamtosheleza, ilhali ule uliosagwa laini pamoja na pumba zake utamtia shaka. Isitoshe, uzima ni afya: twaulizana "mzima?" kila asubuhi. Neno hili basi huusifu mkate kabla ya kueleza umetengenezwaje.

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikupungukiwa na neno hapa. Tunacho kitenzi "kukoboa", na kila aliyepata kutwanga nafaka au kuipeleka mashineni anajua kinachoondolewa. Tofauti baina ya dona na sembe ni hiyo hiyo, nayo hueleweka hata kwa asiyejua kusoma. "Ngano isiyokobolewa" haisifu, bali hutaja jambo lililotendeka au lisilotendeka, na mkaguzi aweza kulithibitisha. Wauguzi na maofisa wa lishe hulitumia fungu hili kila siku. Waandishi wa lebo hawana sababu ya kuliacha.

Sasa twafika kwenye "zilizoota". Kitenzi "kuota" kina kazi nyingi: mtu huota ndoto, huota jua, mbegu huota, na kitu kilichochina huota ukungu. Palipotajwa mkate, maana ya mwisho ndiyo iliyo karibu mno na masikio. Mwambie mtu kuwa mkate umeota, naye atautupa. Kweli, katika lebo yetu kitenzi kimefungamana na nafaka, si mkate. Lakini hata nafaka iliyoota, katika mazoea ya mkulima, aghalabu ni ile iliyopata maji ghalani ikaharibika. Wengine wamependekeza "zilizochipua". Hilo ni afadhali, ila kuchipua hutumika zaidi kwa jani au tawi jipya juu ya shina. Jambo la mbegu ni kumea, na kutoka kitenzi hicho lugha imekwisha kutoa nomino yake: "kimea".

Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa imee, kisha aghalabu ikakaushwa na kusagwa. Mbegu inapomea, vimeng'enya vyake huamka na kuanza kuuvunja wanga. Hupungua pia fitati, ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasitwaliwe vizuri na mwili. Hiyo ndiyo maana yote ya mkate unaozungumzwa, nayo imo katika neno moja. Kwa nini basi mfasiri amelikimbia? Nadhani ni kwa sababu kamusi hulihusisha neno hili na upikaji wa pombe, naye amechelea kuliweka juu ya mkate utakaouzwa Unguja, ambako walio wengi ni Waislamu.

Hofu hiyo yaeleweka, lakini haitoshi kulitupa neno. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walieneza matumizi ya unga wa kimea katika uji wa watoto. Uji mzito ukitiwa unga huo kidogo hulainika pasipo kuongezwa maji, na mtoto hupata chakula kingi zaidi katika kila kijiko. Neno likaingia katika mafunzo ya mama na mtoto, likakaa. Kadhalika, hakuna anayeiacha zabibu kwa kuwa mvinyo hutengenezwa kwayo. Kimea ni nafaka. Kuwa pombe ni jambo la baadaye, linalotaka kazi nyingine.

Kuna pingamizi lililo zito zaidi, nalo yafaa lijibiwe. Baadhi ya waokaji hutia kimea kidogo katika unga mweupe ili kusaidia kinyunga kuumuka na mkate kupata rangi. Je, mkate huo nao uitwe "mkate wa kimea"? Kwa sarufi peke yake hatuwezi kuukatalia, kwa maana kihusishi "-a" hubeba mengi. Mikate yetu wenyewe ni ushahidi. Mkate wa ufuta ni wa ngano, ufuta uko juu tu. Mkate wa kumimina umepewa jina la namna ya kuupika. Mkate wa mofa, unaookwa kwa unga wa mtama, huchukua jina la tanuri lake. Majina haya yametosha nyumbani na sokoni kwa kuwa kila mtu anaijua mikate yenyewe. Mkate mgeni dukani haujulikani, na jina lake lategemewa kueleza yote.

Kwa hiyo napendekeza tofauti hii. "Mkate wa unga wa kimea" uwe ule ambao unga wake wote umetokana na nafaka iliyomea; iwapo nafaka imepondwa ikiwa mbichi pasipo kusagwa unga, isemwe "mkate wa kimea kilichopondwa". Ambao una kimea kama nyongeza uitwe "mkate wenye kimea". Hakuna atakayeuita mkate wa ufuta "mkate wa unga wa ufuta". Neno "unga" ndilo linalofunga mlango. Fasili nayo iweke mpaka. Mwaka 2008 Chama cha Wanakemia wa Nafaka cha Marekani kilikubali kuwa nafaka iliyomea ihesabiwe kuwa kamili maadamu sehemu zake zote tatu zimo, chipukizi halikuzidi urefu wa punje, na virutubishi havikupungua. Kipimo hicho chaweza kutufaa.

Yapasa pia tukiri kuwa istilahi njema haifanyi mkate kuwa dawa. Mkate wa kimea bado una wanga, na mwenye kisukari hana ruhusa ya kuula bila kiasi kwa sababu ya jina lake. Mnunuzi aitazame orodha ya viambato, ambayo kwa kanuni za kimataifa za Codex huanza na kilicho kizito zaidi. Ikiwa cha kwanza ni "unga wa ngano" tu, maneno makubwa yaliyo mbele ya karatasi yasimshughulishe.

Kazi ya kusanifu maneno haya ni ya BAKITA na BAKIZA, wakishirikiana na Taasisi ya Viwango Zanzibar na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambazo zinahusika na viwango na usalama wa vyakula. Lakini kabla ya kuyapitisha, yasomwe mbele ya waokaji, wauguzi na wanunuzi wa Darajani, waulizwe wameelewa nini. Wakisema walichofahamu si tulichokusudia, basi tuyaandike upya.