Eduroam na Cheti Kisichosomwa

Huduma za kompyuta za chuo kikuu humfikia mwanafunzi kupitia akaunti moja. Anaposajiliwa hupewa jina la mtumiaji, ambalo mara nyingi ni namba yake ya usajili, na nywila ya kuanzia. Kuanzia hapo jozi hiyo humfungulia Wi-Fi, barua pepe, Moodle, usajili wa kozi, matokeo na majarida ya maktaba. Mpangilio huu ni mzuri na umedumu. Uliouharibu ni uamuzi mmoja uliochukuliwa na vyuo vingi, Afrika Mashariki na kwingineko, tena bila mjadala wowote: kumwelekeza mwanafunzi, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba, kwamba simu ikimuuliza habari ya cheti cha eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo duniani, achague kutothibitisha. Huo ulikuwa uamuzi mbovu, na waliouandika walijua cheti kina kazi gani.

Eduroam yenyewe haina lawama. Wazo lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa SURFnet, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti za Uholanzi, na leo nchini Kenya inaendeshwa na KENET, nchini Uganda na RENU, nchini Tanzania na TERNET. Mwanafunzi wa Makerere akiingia kampasi ya Nairobi, simu yake hujiunga yenyewe kwa akaunti ya Makerere. Kisanduku cha Wi-Fi kilichofungwa darini hupeleka ombi lake kwenye seva ya RADIUS, yaani ya kuthibitisha watumiaji, ya chuo alikofika. Seva hiyo husoma kilichoandikwa baada ya alama ya @, ikaona si la kwake, ikalisukuma kwa seva ya taifa, na ombi likaendelea hivyo hadi chuo cha nyumbani. RENU imeupeleka mtandao huo hata nje ya kampasi, katika mitaa ya Kampala. Yote hayo yamefanywa sawasawa.

Nywila katika safari hiyo haitakiwi kuonwa na yeyote njiani, wala chuo mwenyeji, wala seva ya taifa. Ndiyo maana simu hujenga kwanza handaki la TLS kutoka mkononi mwa mwanafunzi hadi seva ya chuo chake, kisha nywila hupitishwa ndani yake. Handaki lina manufaa pale tu simu inapokuwa na hakika nani yuko upande wa pili. Hakika hiyo hutolewa na cheti. Seva hukionyesha kabla ya jambo lingine lolote, na simu inapaswa kukagua mambo mawili: cheti kimetolewa na mamlaka ambayo chuo kimeitaja, na jina lililomo ndani yake ni jina la seva ya chuo hicho. Jambo la pili husahaulika hata na wataalamu. Cheti kutoka kampuni inayojulikana duniani kinaweza kununuliwa na mtu yeyote kwa jina la tovuti yake mwenyewe, kwa hiyo simu inayokagua mtoaji bila kukagua jina itamkaribisha mgeni mwenye karatasi halali.

Karatasi ya mlangoni mwa maktaba hufuta hatua hiyo yote. Kwa kawaida huwa na mistari michache. Njia ya EAP: PEAP. Hatua ya pili: MSCHAPv2. Cheti cha CA: usithibitishe. Utambulisho: namba ya usajili, kisha @ na jina la chuo. Utambulisho wa nje: acha wazi. Nywila: ile ya barua pepe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hunakili, hubonyeza kuunganisha, na mawimbi yanakuja. Mstari wa tatu ndio unaojadiliwa hapa, ingawa hata ule wa utambulisho wa nje una dosari yake: ukiachwa wazi, simu nyingi hutangaza namba ya usajili kabla handaki halijajengwa, na aliye karibu hujua nani amepita.

Kutothibitisha maana yake ni kwamba simu itajenga handaki na seva yoyote itakayojiita eduroam. Mwenye nia mbaya hahitaji kuvunja ukuta wa chuo. Anahitaji kompyuta ya mkononi, kadi ya Wi-Fi, na programu ya bure kama hostapd iliyounganishwa na seva ya RADIUS ya bandia. Akirusha jina la eduroam, simu zilizo karibu hujaribu kuungana zenyewe, zikiwa mfukoni, bila mwenyewe kuulizwa, kwa sababu mtandao huo ulishahifadhiwa. Chuo kinachotumia njia ya TTLS yenye PAP hukabidhi nywila kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kinachotumia PEAP yenye MSCHAPv2 hutoa jibu la fumbo badala ya nywila, na hapo wengi hupumua. Hawapaswi kupumua. Julai 2012, kwenye mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba jibu hilo linaweza kushushwa hadi kutafuta ufunguo mmoja wa DES, mbinu ya zamani ya usimbaji, kazi ambayo mashine yao iliimaliza ndani ya siku moja. Na kwa nywila dhaifu, yaani jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, hata siku hiyo ni nyingi. Orodha ya maneno inatosha.

Uzito wa kosa huongezwa na sifa nzuri ya eduroam yenyewe. Jina ni lile lile duniani kote, basi simu iliyofundishwa kutothibitisha iko tayari kutoa nywila si kampasini tu, bali pia kituo cha daladala, ukumbi wa harusi na uwanja wa ndege, popote mtu atakaporusha jina hilo. Chuo kilichotoa maelekezo hayo ni kama kimemfundisha mwanafunzi amtajie namba ya siri ya M-Pesa kila anayempigia simu akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja.

Utetezi wa uamuzi huo huja kwa sura tatu. Ya kwanza husema kurasa zote siku hizi ziko kwenye HTTPS, kwa hiyo hakuna kinachoibwa. Hapa mambo mawili yamechanganywa: HTTPS hulinda kinachosomwa baada ya kuungana, ilhali nywila ya eduroam hutolewa wakati wa kuungana, kabla ya ukurasa wowote kufunguliwa. Ya pili ni foleni ya wiki ya kwanza. Hii ina ukweli. Mafundi wachache hukabiliana na maelfu ya Tecno, Infinix, Samsung na iPhone, kila moja ikiwa na menyu yake, na karatasi moja inayokubali kwenye simu zote inavutia. Ya tatu ni kwamba cheti cha seva kilitengenezwa na chuo chenyewe, simu hazikitambui, na kikiisha muda kila mtu hukatika.

Sura hizo mbili za mwisho zilijibiwa zamani. Eduroam ina zana iitwayo CAT, inayokiwezesha chuo kujaza mamlaka ya cheti, jina la seva na njia ya EAP mara moja, kisha ikatoa faili la kusakinisha kwa kila aina ya kifaa. Programu ya geteduroam imerahisisha kazi hiyo zaidi kwenye simu. Mwanafunzi huchagua jina la chuo, huandika nywila, basi. Cheti kilichotengenezwa chuoni, kwa njia hii, ni salama zaidi kuliko cha kununua, kwa sababu simu huambiwa iamini mtoaji mmoja tu. Kazi ya fundi ni alasiri moja na kukumbuka tarehe ya cheti kuisha muda. Kilichochaguliwa badala yake ni karatasi.

Desemba 2020, katika sasisho la Android 11, Google iliondoa chaguo la kutothibitisha, ikianzia na simu za Pixel. Hapo ndipo uamuzi ulipojianika. Vyuo vilivyokuwa na faili la CAT havikusikia kitu. Vilivyotegemea karatasi viliona wanafunzi wenye simu mpya wakikwama, na baadhi vikajibu kwa kutafuta njia ya kuizunguka Google. Simu ililazimika kumlinda mwanafunzi dhidi ya maelekezo ya chuo chake. Android 13 baadaye ilileta utaratibu wa kuamini cheti cha kwanza kuonekana na kukikumbuka, jambo ambalo iPhone imekuwa ikifanya kwa namna yake: huonyesha cheti na kumwachia mtumiaji abonyeze kuamini. Ni afadhali, lakini mwanafunzi anayeonyeshwa alama ya cheti, yaani safu ya tarakimu na herufi, hana cha kuzilinganisha nacho. Karatasi ya maktaba ingeweza walau kuichapa alama hiyo ya cheti. Haikuchapa.

Tatizo hili si geni, na liliwahi kutatuliwa kwa heshima. Mwaka 1983 MIT, pamoja na DEC na IBM, ilianzisha mradi wa Athena ili kompyuta ziwafikie wanafunzi wote wa chuo. Walioujenga walianza na dhana ngumu: waya wa mtandao unaweza kusikilizwa na mwanafunzi yeyote, na mashine iliyo katika chumba cha wazi haiwezi kuaminiwa, kwa kuwa aliyekaa mbele yake anaweza kuiwasha upya na kuigeuza atakavyo. Kutokana na dhana hiyo Steve Miller na Clifford Neuman walisanifu Kerberos. Nywila haipiti kwenye waya kabisa. Hugeuzwa kuwa ufunguo pale pale kwenye mashine, na ufunguo huo hufungua tiketi iliyotumwa na seva. Seva isiyoujua ufunguo haiwezi kutengeneza tiketi itakayofunguka. Na huduma yenyewe, ikitakiwa, humthibitishia mwanafunzi kwamba ni yenyewe. Uthibitisho huenda pande zote mbili. Toleo la nne lilikuwa na udhaifu wake, na la tano likachapishwa mwaka 1993 kama RFC 1510. Kinachokera ni kwamba Kerberos hiyo hiyo imo ndani ya Active Directory, mfumo wa akaunti wa Microsoft, tangu Windows 2000, yaani inazunguka usiku na mchana kwenye seva za utawala za vyuo vilevile vilivyoandika karatasi ile.

Hata hapa kwetu waliotangulia walikuwa waangalifu zaidi, ingawa vyombo vyao vilikuwa duni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere, Zambia na Zimbabwe kwa barua za FidoNet zilizosafirishwa kwa modemu. Modemu ilipiga namba ya simu inayojulikana, ya chumba kinachojulikana; swali la nani yuko upande wa pili lilikuwa na jibu kabla barua haijaondoka.

Vitengo vya kompyuta vya vyuo vinavyolegeza cheti huwa vikali mahali pasipohitajika. Sharti la kubadili nywila kila baada ya siku 90 bado linatekelezwa vyuoni, ilhali mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-63B wa mwaka 2017, ulishauri nywila isibadilishwe kwa kalenda bali pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Matokeo ya sharti hilo yanajulikana: Simba2023 huwa Simba2024. Kuna pia ule ukurasa wa kuingilia unaochomoza kwenye Wi-Fi ya hosteli ukidai nywila ya chuo kabla ya intaneti kufunguka, na unaomzoesha mwanafunzi kuiandika nywila hiyo kwenye ukurasa wowote unaochomoza.

Huduma nyingine zinazofunguliwa na akaunti hiyo hazidai maneno mengi. Moodle inafanya kazi yake. Barua pepe, iliyohamia kwa Google au Microsoft, imebana nafasi tangu Google ilipotangaza mwaka 2021 kwamba hifadhi isiyo na kikomo inakwisha na kila taasisi itaanza na TB 100 za pamoja. Mwenye video za mhadhara azihamishe mapema. Majarida ya maktaba, pale yanapofikiwa kwa utaratibu wa shirikisho la utambulisho kama eduGAIN, ndiyo mfano wa kufuata: mchapishaji humrudisha mwanafunzi kwenye ukurasa wa chuo chake, nywila huandikwa hapo tu, na mchapishaji hupokea uthibitisho bila kuiona.

Lakini huduma hizo zote hurithi udhaifu wa Wi-Fi, maana nywila iliyoibwa kituoni ndiyo inayofungua matokeo na usajili wa kozi. Hatua ya pili ya uthibitisho, yaani ujumbe au programu ya simu, huokoa barua pepe pale ilipowashwa, lakini mifumo ya usajili iliyoandikwa na vyuo vyenyewe mara nyingi haina hatua hiyo. Dawa kamili ni EAP-TLS, ambapo kila kifaa hupewa cheti chake na nywila haitumiki kwenye Wi-Fi kabisa. Geteduroam huweza kukigawa, na simu ikipotea hufutwa cheti hicho kimoja. Chuo kisichofika huko kinaweza kutoa nywila ya eduroam iliyo tofauti na ya akaunti.

Kwa mwanafunzi ambaye tayari alifuata karatasi, kusasisha simu hakutoshi. Sasisho lile la Android lilizuia mipangilio mipya tu. Mtandao uliohifadhiwa zamani huendelea na masharti yake ya zamani. Anatakiwa kuufuta mtandao wa eduroam kwenye mipangilio ya Wi-Fi, katika simu na katika kompyuta, kisha auweke upya kwa geteduroam au faili la CAT la chuo chake. Baada ya hapo ndipo abadili nywila. Akianza na nywila, simu yenye mpangilio wa zamani itaitoa ile mpya vilevile.